Shamba la Karafuu: Tulilorithi na Tutakaloliacha



Hakuna biharusi wa visiwani asiyeijua harufu ya karafuu. Anaijua kwenye singo anayosingwa na somo wake, pamoja na mawaridi, asumini, langilangi na liwa. Anaijua kwenye pilau ya walima, kwenye chai ya asubuhi na kwenye dawa ya jino ya bibi yake. Lakini tukimuuliza biharusi huyo huyo shamba la kwao lina mikarafuu mingapi, nani aliipanda, na yeye ana haki ya mingapi, wengi hunyamaza. Wengine hucheka na kusema, "Hayo wanayajua kaka zangu."

Leo tunataka kuzungumza juu ya hayo "wanayoyajua kaka zetu". Tutaanza mbali kidogo, kwa sababu shamba la karafuu ni kama ukoo: huwezi kulifahamu mpaka uwajue waliotangulia.

Mti mgeni uliogeuka mwenyeji

Mkarafuu si mti wa asili wa Unguja wala Pemba. Kwao ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, ambako Waholanzi waliulinda kwa wivu mkubwa ili wabaki peke yao katika biashara yake. Mwaka 1770 Wafaransa chini ya Pierre Poivre walifanikiwa kupata miche na kuipeleka kisiwa chao kinachoitwa sasa Mauritius. Kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa ndipo mkarafuu ukafika kwetu mwanzoni mwa karne ya 19. Wanahistoria wengi humtaja Saleh bin Haramil al-Abry kuwa ndiye aliyeuleta, kati ya mwaka 1812 na 1818, na mashamba ya mwanzo hutajwa Mtoni na Kizimbani.

Seyyid Said bin Sultan aliona faida yake upesi. Alipanda kwenye mashamba yake mwenyewe na akawahimiza wenye ardhi wafanye hivyo. Inasimuliwa kwamba aliamuru kila mnazi mmoja uandamane na mikarafuu mitatu, na asiyetii apokonywe shamba. Mwaka 1840 akahamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, na kufikia katikati ya karne hiyo jina la Zanzibar lilikuwa halitajwi sokoni bila kutajwa karafuu.

Wanawake walikuwapo tangu mwanzo

Tumezoea kusikia historia ya karafuu kama historia ya masultani, manahodha na matajiri. Wanawake wamo, ila hawatajwi sana.

Chukueni mfano wa Salme binti Said, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Baba yake alipofariki mwaka 1856, Salme alikuwa na miaka kumi na mbili. Alihesabiwa amekwishafika umri wa kumiliki mali, akapewa fungu lake la mirathi: fedha, na shamba lenye nyumba. Mama yake alipofariki mwaka 1859, akarithi mashamba mengine. Yote haya anayaeleza katika kumbukumbu zake alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, na humo anaeleza pia alivyokwenda kuishi shamba na kulisimamia. Maisha yake ya baadaye yalichukua njia nyingine kabisa, na hatutaingia huko. Tunachokitaka ni hiki kimoja: zaidi ya miaka 160 iliyopita, mtoto wa kike wa kisiwa hiki alikuwa na shamba kwa jina lake, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu sheria ya mirathi ilikuwa wazi.

Lakini ukweli wa shamba hilo una upande wa pili, na si haki kuuruka. Mikarafuu ya karne ya 19 ilipandwa, ikapaliliwa na kuchumwa na watumwa. Wengi walikamatwa bara, wakavushwa bahari, na katika hao walikuwamo wanawake wengi. Waliochuma, wakachambua na kuanika hawakuwa na hisa hata mti mmoja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1897, lakini amri ile iliwaacha nje masuria, na wao walingoja mpaka mwaka 1909. Kwa hiyo wanawake ndio walioachiliwa mwisho.

Katika koo zetu nyingi za visiwani tuna damu ya mwenye shamba na damu ya mchumaji pamoja. Tunaposema "shamba la mababu", tukumbuke kwamba mababu hao walikuwa pande zote mbili za jamvi. Kuwaombea dua wote ni sehemu ya kuutunza urithi.

Kimbunga, deni na eka tatu

Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja. Mikarafuu na minazi iling'oka kwa wingi, na mashamba yaliyokuwa yakizaa kwa miaka mingi yakawa uwanja wa magogo. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa. Bei ikapanda, waliokuwa na ardhi Pemba wakapanda kwa bidii, na tangu hapo Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu zetu mpaka leo.

Tofauti ya visiwa viwili haikuwa ya upepo tu. Pemba mikarafuu ilienea mikononi mwa watu wengi, wenyeji wenye miti kumi, ishirini au hamsini, pembeni mwa wale wenye mashamba makubwa. Ndiyo maana Mpemba akisema "shamba letu", mara nyingi anasema juu ya miti iliyopandwa na babu wa babu yake karibu na nyumba ya ukoo.

Baada ya utumwa kufutwa, kazi ya kuchuma ikawa ya ujira. Wachumaji walitoka vijijini, walitoka kusini Unguja, walitoka bara. Wanawake nao walichuma na kulipwa kwa kipimo, na kwa baadhi yao hiyo ndiyo fedha ya kwanza waliyoimiliki wenyewe.

Kisha likaja deni. Mwenye shamba alihitaji fedha za kulipa wachumaji kabla hajauza hata gunia moja, hivyo alikopa na kuweka shamba rahani. Bei ilipoanguka wakati wa mdororo wa dunia wa miaka ya 1930, mashamba mengi yalikuwa tayari yamefungwa na madeni. Chama cha Wakulima wa Karafuu kilikuwa kimeundwa mwaka 1927. Mwaka 1934 zikatungwa sheria za kuzuia ardhi isichukuliwe na wakopeshaji na za kukipa chama hicho nguvu sokoni. Wafanyabiashara wa Kihindi wakapinga, na mwaka 1937 hadi 1938 wakaigomea biashara ya karafuu hadi pande zote zikakaa kupatana. Haukupita muda mrefu mikarafuu ya Unguja ikapatwa na maradhi ya kufa ghafla: mti unaonekana mzima, mara majani yanakauka na mti unasimama mkavu.

Mapinduzi ya Januari 1964 yakabadilisha tena sura ya ardhi. Mashamba makubwa yalichukuliwa na serikali, na kuanzia mwaka 1965 familia zikagaiwa eka tatu tatu. Kuna nyumba zilizopoteza siku hizo na kuna nyumba zilizopata ardhi kwa mara ya kwanza. Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na kwa miaka mingi karafuu zote ziliuzwa kwake tu. Bei ya dunia ilipokuwa juu miaka ya 1970, mkulima alipata sehemu ndogo. Wengine wakavusha kwa magendo usiku kwenda Kenya, na waliokamatwa walikiona. Baadaye Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake za karafuu, ikaanza kujitosheleza kwa karafuu zake yenyewe, na bei ikaporomoka. Miaka hiyo watu waliacha karafuu zidondoke, wengine wakakata mikarafuu wakapanda muhogo.

Mwaka 2011 serikali ilipandisha bei ya kununulia na kuanza kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Watu wakarudi mashambani. Na hapo ndipo, katika nyumba nyingi, maswali yaliyolala yakaamka: shamba hili ni la nani hasa?

Msimu ulivyo

Kwa dada zetu waliokulia mjini, au walioko Maskati, London na Toronto, tueleze kidogo kazi yenyewe, maana huwezi kuthamini hisa ya kitu usichokijua.

Mbegu ya mkarafuu haina subira. Ikikaa muda mfupi tu bila kupandwa hupoteza uhai, kwa hiyo huatikwa ikiwa mbichi. Mche hulelewa kivulini mpaka ukapata nguvu, na hata baada ya kupandikizwa shambani hupenda kivuli cha migomba. Mti huanza kuzaa baada ya miaka sita hivi au zaidi, na ukitunzwa unaweza kufika miaka mia. Anayepanda mkarafuu akiwa na miaka hamsini anajua wazi kwamba anampandia mtu mwingine.

Tunachokiita karafuu ni tumba la ua ambalo halijafunguka. Likichelewa likafunguka, thamani imeshuka. Kwa hiyo zikiiva zinamtaka mtu, na zinamtaka sasa. Wachumaji hupanda juu, huvuta matawi taratibu ili yasivunjike, na hujaza pakacha au kikapu. Ni kazi ya hatari, na kila msimu kuna anayeanguka.

Jioni karafuu hufika nyumbani. Hapo ndipo kazi ya wanawake na watoto inapoanza: kuchambua, yaani kutenga karafuu na makonyo yake. Jamvi hutandikwa, taa huwashwa, mikono huenda yenyewe na midomo nayo. Habari nyingi za ukoo, nani kaolewa na nani, nani alipanda mti gani, zimehifadhiwa kwenye jamvi la kuchambulia kuliko kwenye karatasi yoyote. Makonyo hayatupwi, nayo huuzwa na kukamuliwa mafuta.

Asubuhi karafuu huanikwa juani. Siku nne au tano za jua zuri zinatosha. Mvua ikinyesha, kila mtu anakimbilia uani, maana karafuu zikilala mbichi zimelundikana huchacha na kupoteza rangi. Kilo tatu hivi za mbichi hutoa kilo moja kavu. Ndipo magunia hujazwa na kupelekwa kituoni.

Fedha hiyo ndiyo iliyojenga nyumba nyingi za mawe Pemba, ndiyo iliyopeleka watu Hijja, na ndiyo inayonunua kabati, kitanda na dhahabu ya biharusi. Si bahati kwamba harusi huwa nyingi baada ya msimu.

Fungu la mtoto wa kike

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Mwenyezi Mungu hakuyaacha mafungu ya mirathi kwa hiari ya kaka wala mjomba. Yametajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 7, ya 11 na ya 12: wanaume wana fungu na wanawake wana fungu, iwe mali ni kidogo au nyingi. Kwanza hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na kinachobaki hugawiwa warithi.

Tuchukue mfano. Baba amefariki, hana deni wala wasia, wazazi wake walimtangulia. Ameacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja, na mikarafuu 80. Mke ana thumni, yaani miti 10. Inabaki 70. Kila mtoto wa kiume anachukua mara mbili ya wa kike, kwa hiyo yanakuwa mafungu matano ya miti 14. Kaka mmoja 28, kaka wa pili 28, dada 14.

Miti 14 si kitu kidogo. Lakini mara ngapi tumeona dada huyu akipelekewa kilo mbili za karafuu na kanga jozi moja kila msimu, akaambiwa "fungu lako hili"? Anaona haya kuuliza, asije akaambiwa kaolewa na mumewe anamtuma. Anaogopa kuvunja udugu. Kaka naye pengine si dhalimu. Ndiye anayepalilia, anayelinda wezi, anayelipa wachumaji, na miaka ikipita anaanza kuona kwamba jasho lake limekuwa umiliki. Anapofariki, watoto wake hawajui tena kwamba shangazi alikuwa na kitu. Hapo haki imepotea bila mtu yeyote kuiba kwa mkono.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kaka anayefanya kazi ana haki ya ujira wake, na ujira huo ukatwe wazi kabla ya kugawa. Dada ana haki ya hisa yake, na hisa hiyo iandikwe. Kusamehe fungu ni jambo jema kwa anayelitoa kwa radhi akilijua. Kusamehewa kwa niaba ya mtu aliyenyamaza kwa haya si msamaha.

Njia za kuliweka shamba lisife

Kuna hofu nyingine, nayo ni ya kweli: tukigawa kila kizazi, shamba litaisha. Miti 14 ya dada itagawiwa mume na watoto wake, na baada ya vizazi vitatu mjukuu atarithi nusu ya mti. Ndipo watu huuza, na shamba la miaka mia linakuwa viwanja vya nyumba.

Koo zilizofanikiwa tulizozishuhudia zimetumia moja ya njia hizi.

Ya kwanza, kuacha shamba moja na kugawa mavuno. Hisa zinaandikwa kwenye daftari mbele ya mashahidi, msimamizi anachaguliwa na analipwa, na kila msimu hesabu inasomwa mbele ya wote, wa mjini na wa nje ya nchi.

Ya pili, wenye kutaka kubaki kununua hisa za wenye kutaka kutoka, kwa bei ya haki na kwa maandishi, si kwa "nitakupa msimu ujao".

Ya tatu, hiba. Mzazi akiwa hai na mzima anaweza kuwapa watoto wake, na Mtume swallallahu alayhi wasallam alisisitiza uadilifu baina ya watoto katika kutoa.

Ya nne, wakfu. Historia ya wakfu katika Uislamu inarudi kwenye ardhi ya Sayyidna Umar ya Khaybar: shamba lenyewe haliuzwi wala halirithiwi, linaliwa tunda lake. Visiwani mwetu wanawake wengi wa zamani waliacha mashamba na nyumba kuwa wakfu kwa msikiti, kwa maskini au kwa kizazi chao. Ila wakfu usiwe mlango wa nyuma wa kumnyima binti haki yake.

Kabla ya lolote, jueni ardhi yenu ni ya aina gani. Miti iliyorithiwa, shamba la wakfu na eka tatu za serikali havina hukumu moja, na kwa desturi yetu mtu anaweza kumiliki mikarafuu juu ya ardhi isiyo yake. Muulizeni sheha, muulizeni Kadhi, ulizeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Kwa biharusi wetu

Mpenzi biharusi, katika orodha yako ya mambo ya kufanya kabla ya nikaha, baina ya piko na nguo, ongeza moja. Kaa na baba, au na mjomba, au na bibi kama Mungu bado amekuwekea, umuulize juu ya shamba. Hesabu miti. Uliza nani aliipanda, nani ana hisa, nani zamani alikuwa nayo na sasa hatajwi. Andika. Si kwa ugomvi wala kwa kudai, ni kwa kujua. Ukiona katika hesabu hiyo kuna shangazi aliyesahauliwa, usingoje fungu lako, anza kusema juu ya lake.

Na kama una nafasi ya mche mmoja, panda. Mtume wetu ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, na akala katika huo mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwake. Mikarafuu mingi tunayochuma leo imezeeka, na anayechuma bila kupanda anakula fungu la wajukuu. Lipeni wachumaji mapema, kabla jasho halijakauka kama tulivyoamrishwa, maana shamba hili limekwisha kuona jasho jingi lisilolipwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliopanda na waliochuma, waliojulikana majina na wasiojulikana, azitie baraka ndoa zenu, na atujaalie tuwe wenye kufikisha amana kwa wenyewe. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.